Gari la Msiba la Siku ya Jumanne

1

Ukumbi wa Majibu zamani ulikuwa ghala la mahindi. Usidanganyike na marumaru waliyotandika sakafuni wala bendera mlangoni. Ukivuta pumzi vizuri bado unasikia vumbi la magunia. Mimi naukumbuka mwaka wa njaa, foleni ilipofika hadi kituo cha reli, na askari wamesimama mlango huuhuu wakituambia ghala ni tupu huku panya wanatoka wamenona. Basi niliingia na hasira yangu ya zamani pamoja na ile mpya. Zilikaa bega kwa bega bila kugombana.

"Punguza uso huo," Syombua akaninong'oneza. "Unawaangalia kama unataka kuwauma."

"Nataka."

"Ngoja wajibu kwanza. Utauma baadaye."

Syombua ni rafiki yangu tangu tulipokuwa tukiuza sambusa pamoja. Siku hizi anatunza nyumba nje ya jiji, nyumba ya wanawake waliokimbia waume wenye mikono mizito. Mahali ilipo hamwambii mtu, hata mimi sijawahi kufika. Alikuja kunishika mkono kwa sababu kwetu hakuna aliyebaki wa kunishika. Baba tulimzika, na Mama yuko nyumbani Namwesi anautazama mgomba.

Huo mgomba ndio ulionileta. Kwetu, mtu akipotea na mwili wake usionekane, ukoo hungoja, na ukichoka kungoja hukata shina la mgomba, hulivika shuka na kulizika mahali pake. Baada ya hapo hakuna tena kumtafuta. Ameshazikwa, na kumtafuta ni kumchokoza. Wazee wa ukoo walikuwa wamempa Mama hadi Jumamosi, na tayari wamemchagulia shina. Siku ile ilikuwa Jumatano.

Aliyepotea ni mdogo wangu, Wabwile. Alikuwa fundi wa magurudumu, mcheshi, mpanda nguzo. Kosa lake ni kwamba alikuwa akipanda zile nguzo za Kikosi cha Barabara na kuwavika Wasomaji, yale macho yanayosoma pleti za magari, vifuniko vya soda. "Nimemvalisha miwani ya jua," alikuwa akisema, na mtaa mzima ukicheka. Jumanne moja mchana alitoka kununua gundi ya viraka, hakurudi. Niliuliza kila kibanda cha mtaa ule. Wote walinijibu neno moja: hatukuona kitu, dada, lilipita gari la msiba tu, tukasimama, tukavua kofia.

Miaka miwili niliomba. Niliomba picha, wakasema Wasomaji hawahifadhi picha. Niliomba namba za magari ya siku ile, wakasema ni siri ya usalama. Niliomba nijue nguzo ziko ngapi, wakaniuliza nafanya kazi na nani. Ndipo nikakaa chini na sheria yao, nikaisoma kama mtu anavyochambua mchele, hadi nikapata kifungu kinachosema raia yeyote anaweza kuitaka kumbukumbu nzima ya Wasomaji, tangu siku ya kwanza, na lazima aonyeshwe kwa macho yake. Nzima. Nikaiomba nzima.

Msajili wa Majibu, Bwana Mwadime, mwembamba, sauti yake kama ya mtu anayesoma matangazo kanisani, alisimama mbele ya meza yenye muhuri wa shaba.

"Jibu hutolewa mara moja," akasoma. "Jibu ni la wote. Muhuri ukigongwa, yote yaliyoonyeshwa humu yataingia katika simu ya kila raia kabla ya jua kutua. Mwombaji anaweza kukubali yote au kukataa yote. Akikataa, ombi lake limekufa na halifufuliwi. Kilichoonwa bila muhuri si ushahidi mbele ya mahakama yoyote. Kabla ya muhuri, mwombaji anaweza kupunguza ombi lake, mradi kinachobaki ni jambo ambalo kwa desturi hutangazwa hadharani, kama vile bei za soko na safari za treni." Akameza mate. "Mwombaji Namalwa, umeelewa?"

"Nimeelewa tangu kabla hujaanza kazi hapa, Msajili."

Kwenye roshani ya watazamaji wakacheka. Upande wa pili wa meza, Kamanda Mkanga wa Kikosi cha Barabara alitabasamu pia, kofia kichwani, kama mtu aliyealikwa arusi ya jirani.

2

Wakazima taa.

Lazima nieleze Wasomaji wanavyofanya kazi, maana wengi mnadhani ni kamera. Msomaji ni kitu kidogo kama kitufe cha koti. Anaona pleti ya gari katika mvua, katika vumbi, hata ikiwa imepakwa matope makusudi. Akishaisoma anaitupa picha na kubaki na jambo moja: namba hii imepita hapa saa hii. Halafu Msomaji wa nguzo inayofuata anasema vivyo hivyo, na wa tatu, na mashine inayowasikiliza wote inashona. Gari moja, uzi mmoja. Kila gari la jimbo, kwa miaka saba, lina uzi wake, na haujakatika hata siku moja.

Nilijua haya. Nilikuwa nimeyahutubia sokoni juu ya meza ya mchuuzi wa viazi. Lakini kujua si kuona.

Ulianza uzi mmoja, mweupe, mwembamba, juu ya vichwa vyetu. Halafu wa pili. Halafu ghala zima, kutoka sakafuni hadi kule juu njiwa walikolala, likajaa nuru. Watu wakashusha pumzi kwa pamoja. Lilikuwa jiji letu, Tambarare, lakini bila kuta na bila mabati, bila maskini wala tajiri. Mwendo mtupu. Asubuhi nyuzi zilitoka mitaani zikikutana kama maji yanavyotafuta bonde. Mchana zilitulia sokoni zikatetemeka. Siku ya mvua zote zilikwenda polepole kama asali. Wakati wa mavuno malori yalishuka kutoka milimani, mazito, na uzi wa kila lori ulikuwa mpana kidogo, sijui kwa nini, labda macho yangu.

"Yesu wangu," akasema Syombua. "Ni sisi?"

"Ni sisi."

Kisha ukaja ule usiku daraja la Mto Kavu lilipovunjika. Nakumbuka redio ilivyosema serikali iliongoza uokoaji. Uongo. Pale juu tuliuona ukweli. Daraja linakatika, nyuzi mbili tatu zinasimama, halafu, kabla ya king'ora chochote, nyuzi za jiji zinageuka. Teksi, pikapu za maziwa, basi la shule, zote zinageuka bila kuamriwa na mtu, zinakimbilia mtoni kutoka kila upande hadi pale gizani pakawaka kama kaa la moto. Lilibaki linawaka hadi alfajiri.

Nililia. Nasema wazi. Nilikuja kuichukia mashine ile, na bado naichukia. Lakini ilikuwa imetuona tukiwa wema wakati hatukujua kwamba tunaonekana. Nani mwingine amewahi kutuona hivyo? Nilisimama kinywa wazi kama mtoto, na kwa muda, Mungu anisamehe, nilimsahau Wabwile.

3

Mwombaji ana haki ya kugusa. Ukiweka kidole kwenye uzi unang'aa peke yake, na namba yake inajitokeza, na miaka yote saba ya gari lile inakunjuka mbele yako.

Niligusa mmoja bila kuchagua. Gari dogo la mwalimu wa shule ninayoijua. Nyumbani, shule, kanisa. Na kila Alhamisi jioni, safari ndefu hadi zahanati iliyo upande wa pili wa jiji, ile wanayokwenda watu wasiotaka kukutana na jirani kwenye benchi. Nikaondoa kidole kama niliyeungua.

"Namalwa." Syombua alinishika kiwiko kwa nguvu. "Pale. Juu ya barabara ya mkonge."

Nje ya jiji, mahali pasipo duka wala kanisa, palikuwa na nukta. Nyuzi zilifika pale moja moja, za kila aina, saa zisizo na mpangilio. Zilikaa kidogo, zikaondoka. Hazikurudi. Mpumbavu yeyote angeielewa: hapa watu huletwa, hawachukuliwi.

"Ile nyumba ni yangu," akasema.

"Nimeona."

"Kuna mmoja amejifungua juzi. Mume wake anaendesha malori. Huyo mtu barabara anaisoma kuliko hiyo mashine." Sauti yake ilikuwa kavu. "Sikwambii ufanye nini. Wabwile alikuwa akinibebea mitungi ya gesi, na hakuuliza inakwenda wapi hata mara moja. Ila jua linatua saa kumi na mbili na nusu."

Basi ndipo nilipouona mtego ulivyotegwa. Kikosi hakikuwahi kuogopa ombi langu. Ndicho kilichopigania kifungu kile bungeni, *yote au hakuna*, na sisi tukashangilia tukidhani tumeshinda. Walijua kila mtu ana Alhamisi yake. Walijua siku moja atakuja mwenye uchungu kama mimi, wamfungulie mlango wote, wakae kumtazama akirudi nyuma.

Kamanda Mkanga aliona nimeelewa. Akainuka.

"Bi. Namalwa, miaka yote unatupigia kelele sokoni kwamba tunaficha. Leo hatufichi. Gonga muhuri." Akaigeukia roshani. "Au mwenzetu ameona kitu asichotaka ninyi mkione?"

"Gonga!" mtu akapiga kelele kutoka juu. "Gonga, dada, tuwaone wezi!"

"Ngoja," nikasema. "Msajili, nionyeshe ile Jumanne."

Nikataja tarehe. Nuru ikarudi nyuma ikasimama juu ya mtaa wa Wabwile, mchana, nyuzi nyeupe zinapita kama kawaida. Na katikati yake uzi mwekundu.

Mnakumbuka mwaka wa kwanza wa Wasomaji? Vile vizuizi vya chuma vinavyoinuka vyenyewe kutoka kwenye lami kulizuia gari lenye faini? Vililizuia gari lililokuwa limebeba maiti, jua la utosi, wajane ndani. Watu waling'oa nguzo kilomita nzima siku ile. Kuanzia hapo mashine ikafundishwa adabu. Gari likifungwa utepe mwekundu kwenye vioo vya pembeni, kama tunavyofunga sote tunapompeleka mtu wetu nyumbani kuzikwa, vizuizi hulala, askari halisimamishi, na pleti yake haisomwi. Huandikwa *msiba* tu, na uzi wake huwa mwekundu.

Niliugusa. Hakuna namba, ila neno lile. Nikaurudisha nyuma taratibu kwa kidole, hadi kabla ya utepe kufungwa, na ukageuka mweupe mikononi mwangu, na namba ikajitokeza, na uzi ukaingia kwenye ua wa Kikosi cha Barabara, ukalala humo kama gari lililo nyumbani kwake. Nikausogeza mbele. Ulitoka mwekundu, ukapita mtaa wa Wabwile, ukasimama muda wa mtu kushikwa na kusukumwa ndani. Halafu ukaenda polepole, kwa heshima, katikati ya watu waliosimama na kuvua kofia.

Walimpa mdogo wangu mazishi akiwa hai, na mtaa wake mwenyewe ukaitikia.

Ule uzi uliishia Machimbo ya Kaskazini, eneo lililofungwa, mahali pasipo hata na kaburi la mbwa. Ukarudi mweupe.

Namba niliisoma. Siiandiki hapa, maana bila muhuri ni neno la mpiga kelele tu. Lakini ninayo.

"Naona umepata," Kamanda akasema, safari hii taratibu, mimi na yeye. "Basi gonga. Unanipata mimi, unampata na kila mtu. Au kataa uende ukazike mgomba wako."

Niliinua macho kwa sababu sikutaka aone uso wangu, na Msajili alikuwa ameiachia kumbukumbu iendelee yenyewe, ikafika Ijumaa.

Sijui nieleze vipi. Kila Ijumaa, kwa miaka saba, mto mwekundu ulitoka jijini. Ulianza mochari, nyuzi nne, tano, kumi pamoja, ukakusanya nyingine njiani, shangazi wa hapa, wafanyakazi wenza wa pale, ukapanda magharibi kwenda makwetu. Kila bonde lilipokea lake. Mto ulijigawa na kujigawa hadi ukawa mishipa myembamba inayoingia kila kijiji, kila boma, na Jumamosi yote ilitulia pale, nyekundu, inapumua. Nikawaona wafu wote wa jiji hili wanavyorudishwa nyumbani. Hapakuwa na hata mmoja aliyepelekwa peke yake. Maskini wa mwisho alikuwa na magari mawili nyuma yake.

Na Jumanne, Jumatatu, Alhamisi, mara moja moja, uzi mmoja mwekundu usio na mwenzake, kwenda kaskazini.

Nani hapa kwetu husindikizwa na gari moja? Nani huzikwa Jumanne bila redio kumtaja, bila chai, bila wakwe? Walichukua utepe wetu na wakasahau watu wanaoufuata.

"Msajili," nikasema. "Napunguza ombi langu."

Msajili akachukua kalamu.

"Sitaki pleti hata moja. Nataka nyuzi nyekundu peke yake. Misiba."

4

"Napinga!" Kamanda alikuwa wima. "Hiyo ni faragha ya wafiwa."

"Faragha gani?" Hata mimi nilishangaa sauti yangu ilivyotoka. "Msiba hapa kwetu una faragha tangu lini? Redio hutangaza marehemu, na baba yake, na wakwe zake, na mahali pa kuteremkia. Mtu hata akimchukia marehemu anakuja, anakula, anakosoa wali. Kuna jambo gani jimboni linalotangazwa kuliko msiba?"

Roshani ikacheka, halafu ikaacha kucheka, kwa sababu wameanza kuona ninakokwenda.

Bwana Mwadime alivua miwani. Alikuwa mtu wa serikali siku zote, sikuwahi kumdhania kitu. Akaifuta miwani kwa ncha ya tai, akairudisha.

"Kamanda," akasema kwa sauti yake ileile ya matangazo. "Nahitaji kuandika sababu ya pingamizi. Magari haya yaliyoandikwa *msiba*, ni ya msiba?"

Kamanda akarekebisha kofia yake.

"Kama ni ya msiba, kwa desturi hutangazwa, na mwombaji ana haki. Kama mengine si ya msiba, tafadhali nieleze ni ya nini, na nitaandika hivyo."

Nilimtazama mtu yule akitafuta mlango. Alitazama dari, akanitazama mimi, akautazama uso kwa uso ule mto wa nuru.

"Ni ya msiba," akasema.

"Umesema?"

"Nimesema ni ya msiba!"

Syombua alinifinya mkono hadi ukafa ganzi. Nami nilisimama mbele ya muhuri na sikuugonga mara moja, kwa kuwa nilijua ninachokizika. Ile namba. Ule ua wa Kikosi. Nani alitoa amri, nani alifunga utepe, nani aliendesha. Yote yangerudi gizani, kisheria, milele, na Mkanga angelala kitandani kwake usiku ule. Nilikuwa nimekuja kuchukua *wapi* na *nani*. Nilipewa kuchagua, na *nani* alikuwa amesimama katikati ya watu wote wa Tambarare, amewashika mbele yake kama ngao: mwalimu na Alhamisi yake, na mtoto mchanga juu ya barabara ya mkonge.

Nikaugonga.

Nyuzi nyeupe zikazimika zote. Soko, shule, zahanati, nukta ya Syombua, hata ule usiku wa daraja. Ukabaki mto mwekundu unaopanda magharibi. Na pembeni, kaskazini, zile safari za upweke, zilizokuwa zimepotea katika nuru nyingi, sasa zimekaa wazi kama mikwaruzo mgongoni. Zilikuwa nyingi kuliko nilivyohofia.

Halafu juu roshanini mzee mmoja akasimama, akavua kofia. Kiti kikalia, na kingine. Wakasimama wote. Safari hii walijua wanamsimamia nani. Dereva wa Kamanda, kijana mwenye sare aliyekaa nyuma yake, naye akainuka, akavua kofia, akaiweka kifuani bila kumtazama bosi wake.

Nilitoka nje, nikapiga simu. Mama alipokea haraka mno, kama mtu aliyekuwa ameishika.

"Mama, usiukate mgomba."

Nilisikia kuku.

"Yuko wapi?" akauliza.

5

Ijumaa asubuhi tulikutana njiapanda ya kaskazini. Nilitarajia magari matatu. Yalikuja mpaka nikashindwa kuona mwisho wake; watu niliowajua, watu niliowahi kugombana nao, na familia nyingine ambazo zilikuwa zimeusoma ule mchoro kwenye simu zao na kuutambua uzi wao kwa siku na saa. Mwalimu yule alikuja na gari lake dogo. Hakujua kwa nini nilishindwa kumtazama usoni.

Mama aliteremka kutoka pikapu ya mjomba, akiwa na panga mkononi. Alikuwa amelinoa tangu wiki iliyopita na hakuwa amekumbuka kuliacha.

"Mnajua kule kumefungwa," askari wa njiapanda akatuambia. "Vizuizi havifunguki kwa mtu. Ni amri ya Kamanda."

"Tunajua," nikasema, nikamalizia kufunga fundo.

Utepe mwekundu kushoto, utepe mwekundu kulia. Nyuma yangu kila gari lilikuwa linafungwa hivyo hivyo, bila haraka, akina mama wakikata kitambaa kwa meno. Nikawasha gari. Mama alikaa kando yangu. Mbele, vizuizi vya Machimbo vilisimama safu nzima kutoka kwenye lami, vyeusi, virefu kuliko mtu, na juu ya nguzo Msomaji alikuwa anatutazama kwa lile jicho lake dogo kama kitufe. Kichwani alikuwa bado amevaa duara la kutu, alama ya kifuniko cha soda kilichokaa hapo siku nyingi kabla ya kubanduliwa. Hata huku Wabwile alifika na vifuniko vyake.

Msomaji akatusoma. Alikuwa amefundishwa jambo moja la adabu na hakuweza kulisahau.

Vizuizi vikaanza kushuka. Cha kwanza, cha pili, kisha vyote, vikalala kwenye lami bila kelele, na barabara ikawa nyeupe mbele yetu hadi kwenye mawe.

Mama aliviangalia vikilala. Halafu akainama, akaliweka panga chini ya kiti.

"Twende," akasema. "Polepole. Asidhani tuna haraka ya kumwacha tena."